Kuzunguka Sardinia na Corsica kwa gari la kulala ndani

Mwuliza, Dodoma:
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunakusudia kuzunguka kisiwa cha Sardinia, Italia, kwa gari la kukodi lenye vitanda na jiko ndani, kisha tuvuke hadi Corsica. Naomba ushauri kuhusu majira na barabara.

Jibu, Kondoa:
Epukeni Agosti, mwezi ambao Waitalia wenyewe hujaa ufukweni. Mei au Septemba inafaa zaidi. Barabara kuu ya SS131, kutoka Cagliari hadi Porto Torres, haina malipo, ila upepo wa maestrale uvumao kutoka kaskazini-magharibi huyumbisha gari lenye kimo. Tena huko huendeshwa upande wa kulia.

Jibu, Singida:
Naongezea, kaka. Kivuko cha Santa Teresa Gallura, Sardinia, hadi Bonifacio, Corsica, huchukua takriban saa moja, na viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inatosha pande zote mbili kwa kuwa Corsica ni ya Ufaransa. Msibebe mchanga wa Sardinia kama kumbukumbu, maana faini hufika euro 3,000. Kule Piana, Corsica, barabara hupenya kati ya miamba myekundu, finyu kiasi kwamba magari makubwa yakikutana, moja hulazimika kurudi nyuma huku vioo vikikaribia kugusa mwamba, kwa hiyo piteni alfajiri.