Tupeane uzoefu: Tawi lenu lilichangisha vipi hadi fedha zikarudi mwaka wa pili na wa tatu?

Mleta mada (mhazini wa tawi)

Habari zenu wakuu. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mhazini wa tawi letu, na kuna jambo linaninyima usingizi. Mwaka wa kwanza tulifanya hafla kubwa ya uchangiaji. Ukumbi ulijaa, watu wakatoa, wengine wakaahidi, tukarudi nyumbani tumefurahi. Mwaka wa pili tukairudia hafla ileile, makusanyo yakashuka. Mwaka wa tatu nilipokaa na risiti za ukumbi, muziki, uchapishaji wa kadi na usafiri, nikakuta kilichobaki hakifikishi pango la ofisi la miezi miwili. Na karibu nusu ya ahadi zilizotangazwa kwenye kipaza sauti hazijalipwa hadi leo.

Miongozo ya makao makuu ninayo na nimeisoma yote. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa taasisi yenye idara ya fedha na waajiriwa. Sisi ni watu wa kujitolea, shughuli za tawi tunazifanya jioni tukitoka kazini.

Kwa hiyo siulizi njia zilizoleta fedha nyingi siku moja. Nauliza: ni nini mlichofanya ambacho mwaka uliofuata wachangiaji walikuwa bado wapo? Na kama kilishindikana, kilishindikia wapi? Tajeni na gharama zake na idadi ya watu waliohitajika. Karibuni.

Katibu, tawi la wanachama 23

Ahsante mleta mada. Sisi tuliachana na hafla kabisa, tukaenda kwenye mchango wa kila mwezi. Tulianza na kamati yenyewe. Mwenyekiti alisema hatutamwomba mtu wa nje kitu ambacho sisi saba hatujakifanya, na alisimamia hilo. Tulipokuwa wote saba tumeshajaza fomu ya benki ya kukatwa kila mwezi, ndipo tukawaendea wanachama wengine. Leo tuko 17 tunaochangia kila mwezi, 11 wanachama na sita marafiki wa tawi.

Mambo mawili yalitusaidia sana. Kwanza, tarehe. Mwanzoni tulichagua tarehe 20, benki ikawa inarudisha makato kwa sababu akaunti za watu zilikuwa zimekauka. Tukamwachia kila mtu achague siku mbili au tatu baada ya siku yake ya mshahara, na tatizo likaisha karibu lote. Pili, kiwango. Tukisema "toa chochote", watu walisita. Tulipotaja viwango vitatu na kueleza kila kimoja kinafanya nini kwa mwezi (cha chini kinalipia nauli ya mtu mmoja wa kujitolea, cha kati kinalipia vifaa vya darasa moja), walichagua papo hapo, na wengi walichagua cha kati.

Halafu kuna kazi ndogo isiyokwisha. Kila mwezi mtu mmoja au wawili mchango wao haufiki. Zamani tulidhani wamejitoa. Nilipoanza kupiga simu nikakuta wengi wamebadilisha akaunti au wamehama kazi, wala hawakujua kwamba mchango umesimama. Mtu mmoja, saa moja kwa mwezi, ndiyo gharama yetu yote.

Fedha zenyewe si nyingi. Lakini Januari najua tutakuwa na kiasi gani Juni, na hilo limebadilisha hata namna tunavyopanga kazi.

Mwenyekiti wa zamani

Mleta mada, nimesoma habari ya hafla yako nikaona tawi langu la miaka ile. Nitakuambia kosa letu lilikuwa nini, na halikuwa hafla yenyewe.

Mwaka wa kwanza walikuja watu wapatao 200. Walitoa bahasha mlangoni, walinunua vitu kwenye mnada, wakaondoka. Asubuhi yake tulikuwa na sanduku la fedha, na hatukuwa na jina hata moja zaidi ya wale tuliokuwa tunawajua. Hatukuweza kumshukuru mtu. Hatukuweza kumweleza mtu fedha zake zilifanya nini. Mwaka uliofuata tukaanza upya kabisa kutafuta watu 200, na hao hawapatikani kirahisi mara mbili.

Baadaye tuliweka watu wanne mlangoni wenye madaftari, kazi yao ikawa moja tu, kuandika jina na namba ya simu ya kila anayeingia. Tulikubaliana pia kwamba tarehe ya hafla haitatangazwa hadi gharama zote ziwe zimebebwa na wadhamini. Ikiwa wadhamini hawajapatikana wiki kumi kabla, tunaahirisha. Tuliahirisha mara moja, ikauma, lakini hatukuingia hasara.

Kuhusu ahadi za kwenye kipaza sauti: mtu anaahidi mbele za watu kwa kiasi ambacho akiwa peke yake asingekitaja. Acheni. Wapeni kadi waandike wenyewe wakiwa wamekaa, pamoja na tarehe ya kulipa. Ahadi zetu zilipungua ukubwa, lakini zilizolipwa ziliongezeka.

Mjumbe mpya

Samahani mkuu, hao wadhamini mliwapataje? Sisi tunaandika barua, hazijibiwi.

Mwenyekiti wa zamani

Barua peke yake hatukuitumia. Tulikwenda wawili wawili, mmoja wetu akiwa anajuana na mwenye biashara, tukiwa na karatasi ya ukurasa mmoja. Na hatukuomba fedha. Mwenye kiwanda cha uchapishaji tulimwomba atuchapie, mwenye magari atusafirishie viti. Kwa mtu wa biashara, kutoa kile anachokifanya kila siku ni rahisi kuliko kutoa fedha taslimu. Kwenu ni fedha ileile, maana mngeilipa.

Nahodha wa matembezi

Kwetu kilichodumu ni matembezi ya hisani, lakini baada ya kuyageuza.

Mfano uliotufungua macho ni wa daktari mpasuaji wa Tacoma, Marekani, Gordy Klatt. Mwaka 1985 alizunguka uwanja wa michezo kwa saa 24 mfululizo kuchangia chama cha saratani cha nchi yake. Marafiki walilipa dola 25 ili wapate nusu saa ya kukimbia au kutembea naye. Usiku huo mmoja ulileta dola 27,000. Mwaka uliofuata hakuzunguka peke yake, zilikuja timu, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa Relay For Life ambao umeenea katika nchi nyingi.

Nilichokiona mimi ni neno "timu". Matembezi yetu ya kwanza kila mtembeaji alilipa kiingilio, basi. Tulikuwa 31. Nilipochambua hesabu nikakuta watu wanne kati ya hao 31, kwa hiari yao, walikuwa wameomba ndugu na wafanyakazi wenzao, na hao wanne walileta zaidi ya nusu ya fedha zote. Wengine 27 hatukuwa tumewaambia kwamba wanaweza kuomba!

Mwaka wa pili niliwaita wale wanne miezi mitatu kabla, nikawaomba kila mmoja aunde timu ya watu wanane. Kila mtembeaji alipewa lengo dogo na ujumbe mfupi ulioandikwa tayari, anabadilisha jina tu na kuutuma. Mtu humpa anayemjua. Tawi linajulikana na wachache, lakini kila mtembeaji ana watu wake. Sasa ni mwaka wa nne, na makapteni wawili kati ya wale wa mwanzo bado wapo.

Onyo: siku ya matembezi yenyewe inachosha kuliko mnavyofikiri. Maji, huduma ya kwanza, kibali cha njia. Msianze bila watu 15 wa kujitolea wasiotembea.

Msimamizi wa mitandao

Mimi naongezea kilichoshindikana. Mwaka 2014 ile changamoto ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu ilikiletea chama cha Marekani cha kupambana na ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli) takribani dola milioni 115 kwa majira yale tu ya kiangazi. Tawi letu likataka yake. Tukabuni changamoto, video zikaja nyingi, watu wakacheka, wakasambaza. Fedha zilizoingia hazikufika hata gharama ya muda wangu.

Nilizipitia video zote. Karibu hakuna aliyetaja jina la tawi, na hakuna hata mmoja aliyetaja namba ya kuchangia. Sikuwa nimewaambia wataje. Tangu hapo nikiandaa chochote cha mtandaoni naanzia mwisho: mtu ameguswa sasa hivi, simu iko mkononi, anabonyeza wapi? Nikishalijibu hilo ndipo natafuta cha kumgusa.

Mhasibu wa kujitolea

Nitaandika jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitupa fedha za kununulia vitabu vya watoto. Alisema wazi, na mimi mwenyewe niliandika kwenye stakabadhi: vitabu. Mwezi huo mwenye nyumba alitishia kutufungia ofisi. Kamati ikakubaliana "tuzikope" kwa wiki tatu. Fedha tulizozitegemea kurudishia hazikuja. Miezi minne baadaye yule mama alipita ofisini kuviona vitabu.

Hakugombana nasi. Aliuliza tu viko wapi, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilimweleza ukweli wote. Alinisikiliza, akaaga, akaondoka. Wanakamati tulichangishana mifukoni mwetu tukanunua vitabu vyote ndani ya mwezi, tukampelekea picha na risiti. Alishukuru kwa adabu. Hajatoa tena, na marafiki zake watatu waliokuwa wanatoa kila mwaka nao walinyamaza.

Tulichokibadilisha: daftari letu sasa lina safu mbili, fedha huru na fedha zilizotajwa kazi. Kila mwisho wa mwezi kamati inasomewa salio la kila safu, siyo jumla. Malipo yoyote kutoka safu ya pili yanahitaji sahihi mbili, na mojawapo lazima iwe ya mtu asiyehusika na bili za ofisi. Na tunapoomba fedha, tunaomba bila aibu za pango na umeme, kwa kutaja pango na umeme. Mnaweza kushangaa, lakini wapo watu wanaopenda kulipia hasa hilo, ukiwaeleza kwamba bila mlango wazi hakuna darasa.

Mleta mada, wewe ni mhazini. Kama hamna safu hizo mbili, anza nazo kabla ya kuchangisha chochote.

Mratibu wa matawi

Mimi niko upande wa makao makuu, nimesoma kwa makini. Mawili tu. Moja, kubalianeni kwa maandishi ni fungu gani linabaki tawini na lipi linapanda juu, na mwambieni mchangiaji. Vita vya polio vya Marekani vilivyoanzishwa na Rais Roosevelt mwaka 1938 viliendeshwa kwa sarafu ndogondogo za watu wa kawaida zilizokusanywa na matawi. Sehemu iliwahudumia wagonjwa wa eneo husika na sehemu ikagharamia utafiti, ule uliozaa chanjo ya Salk iliyotangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwaka 1955. Mtu alijua sarafu yake inafanya kazi karibu naye na mbali pia.

Mbili, bahati nasibu. Nchi nyingi zinaihesabu kuwa mchezo wa kubahatisha hata kama ni ya hisani, na inataka kibali. Ulizeni kabla ya kuchapa tiketi.

Dada wa simu

Kwetu hatukutafuta wachangiaji wapya hata kidogo. Tulifungua kabati tukakuta daftari la zamani lenye majina 112 ya watu waliowahi kutoa, kisha wakaacha. Tuligawana wanne, tukapiga simu kwa wiki tatu. Namba nyingi hazipatikani tena. Waliopokea walikuwa 58.

Hatukuomba. Tuliwaambia tawi limefanya nini tangu walipotoa, kisha tukawauliza kilichowafanya waache. Nilitegemea waseme hali ngumu. Jibu tulilolisikia mara nyingi kuliko yote lilikuwa: "Hakuna aliyenitafuta tena." Mzee mmoja alisema alidhani tawi limekufa. Kati ya hao 58, watu 26 walitoa tena mwaka huo, na mwaka uliofuata 21 kati yao walirudia. Gharama ilikuwa muda wa maongezi tu.

Mleta mada

Nawashukuru sana, na hasa wewe mhasibu. Safu mbili hatuna. Nimeshaiandika kuwa ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.

Jana usiku nimelitafuta daftari la hafla yetu ya kwanza. Majina yaliyoandikwa ni 64, na 41 yana namba za simu. Naanza kesho jioni. Dada wa simu, unaanzaje? Sijawahi kumpigia mtu nisiyemjua kwa jambo la namna hii, na naogopa atadhani namdai ahadi yake.

Dada wa simu

Piga kati ya saa 12 na saa 2 usiku, siku za kazi. Mimi husema hivi: "Habari za jioni, naitwa fulani, mhazini wa tawi. Miaka mitatu iliyopita ulitusaidia, na sikuwahi kukushukuru. Sikupigii kuomba. Fedha zile zilifanya hivi na hivi." Taja kitu kimoja unachoweza kukionyesha. Habari ya ahadi usiiguse, yeye mwenyewe akiitaja mwambie usiwe na wasiwasi. Kisha uliza: "Ungependa niwe nakuletea habari zetu?" Hapo nyamaza umsikilize, na uwe na kalamu.