Baada ya Mbaraka, Marijani na Sikinde: tuanze na Western Jazz, Afro 70 au Tabora Jazz?

Kasoro Bahari (Morogoro)

Ndugu wapenzi wa muziki wa dansi, habari zenu. Hapa Morogoro tuna kikundi kidogo cha wasikilizaji ambao hukutana jioni, wakasikiliza nyimbo za zamani kwa utulivu na kuzijadili. Kazi za Mbaraka Mwinshehe, za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, za Marijani Rajabu na za Mlimani Park, yaani Sikinde, tunazifahamu hadi pale mpiga tumba anapobadilisha mapigo. Sasa tunataka kuvuka kwenda kwa wanamuziki ambao vijana wetu wengi hawajawahi kuwasikia, ingawa walipiga muziki wenye hadhi ileile.

Majina matatu yamependekezwa: Western Jazz, Afro 70 na Tabora Jazz. Tutaanza na moja tu, tukae nalo mpaka tulielewe. Naomba mtulinganishie kwa kuzingatia uzito wa maneno, ufundi wa magitaa, na urahisi wa kupata rekodi zinazosikika vizuri. Mkiona kwamba jina fulani limesahauliwa, litajeni, lakini tafadhali litetee kwa hoja.

Gita la Kati (Dar es Salaam)

Anzeni na Western Jazz, na nitaeleza kwa nini.

Bendi hii iliasisiwa Dar es Salaam na Iddi Nhende mwishoni mwa miaka ya 1950, na jina lake linatokana na Jimbo la Magharibi la Tanganyika ya zamani, walikotoka waasisi wake. Mtindo wao uliitwa Saboso. Kwa mtu aliyezoea Mbaraka, ambaye gita lake la solo huongoza wimbo mzima na mengine yakamfuata kwa heshima, Saboso itamfundisha namna nyingine ya kusikiliza. Rashid Hanzuruni, ambaye ndiye aliyelipa gita la solo la Western Jazz sifa yake, hapigi juu ya wenzake, bali hupenya katikati yao. Gita la kati linashikilia mzunguko mfupi usiochoka, besi inajibu, na solo inaingia katika nafasi zilizoachwa wazi, kisha inatoka kabla hujaizoea. Sikilizeni "Rosa" mara ya kwanza kwa ajili ya sauti za waimbaji, halafu irudieni mkifuata gita la kati peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mtashangaa ni kiasi gani cha wimbo kinabebwa na mtu ambaye hakuna anayemtaja.

Kuhusu maneno, nakiri kwamba mashairi yao si mazito kama ya Marijani, ambaye aliweza kusimulia kisa kizima chenye mwanzo, mgogoro na mwisho. Western Jazz waliimba mapenzi, wivu na furaha kwa mistari michache inayorudiwa. Hata hivyo, kwa kikundi kinachotaka kujifunza kusikiliza vyombo, uchache huo wa maneno ni faida, kwa sababu masikio yanabaki huru.

Upande wa rekodi hamtapata shida. Kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo zao mwaka 2012, na sauti yake imesafishwa kwa uangalifu.

Mzee wa Chamwino (Dodoma)

Ndugu Gita la Kati ameeleza vizuri sana, lakini mwanzilishi wa mada ameanza na uzito wa maneno, na kwa kipimo hicho mimi naona Afro 70 inatangulia.

Patrick Balisidya, mtu wa hapa kwetu Dodoma, alikuwa mtunzi kwanza na mpigaji baadaye, ingawa gita na kinanda vyote alivimudu. Mtindo wake wa Afrosa ulikuwa mwepesi wa kucheza, lakini nyimbo zake zimejengwa kwa fikra za mtunzi anayejua anataka msikilizaji afike wapi. Chukueni "Harusi", ambayo mpaka leo huwezi kukaa kwenye sherehe ya ndoa bila kuisikia, huku wengi wa wanaoicheza hawajui aliyeitunga. Kisha chukueni "Dirishani" mwone jinsi mtu huyohuyo anavyobadilika kabisa anapoingia kwenye wimbo wa faragha. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na wimbo mmoja uliopigwa kwa namna ishirini. Balisidya hakuwa hivyo.

Jambo lingine linaloitofautisha Afro 70 ni ujasiri wa kutoka nje ya ukumbi wa dansi. Bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mjini Lagos mwaka 1977, na baadaye Balisidya alirekodi nchini Sweden pamoja na kundi la Archimedes Badkar. Albamu hiyo, "Bado Kidogo", ilitoka mwaka 1978. Waswidi wale walikuwa wanamuziki wa majaribio, si wapiga dansi, na bado ukiisikiliza unatambua kwamba wao ndio walioingia nyumbani kwake wakavua viatu mlangoni. Sifahamu rekodi nyingine ya miaka ile ambamo mwanamuziki wetu alishirikiana na wageni wa mbali kiasi hicho bila kupunguza chochote cha kwake.

Balisidya alifariki mwaka 2004. Anastahili kusikilizwa kwa makini kuliko anavyosikilizwa, na nasema hivyo kwa uchungu.

Bint Pangani (Tanga)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma hoja zote mbili kwa furaha, ila nimeona kwamba katika majina yote yaliyotajwa mpaka sasa hakuna hata sauti moja ya mwanamke, na hilo linatokana na kuuchukulia muziki wa dansi kana kwamba ndio muziki wote wa enzi zile.

Mimi naomba mezani muongeze Bi Shakila Said pamoja na vikundi vya Tanga alivyoimba navyo, yaani Black Star na Lucky Star. Bi Shakila alikuwa mzaliwa wa Pangani, akafariki Agosti 2016. Nimemchagua yeye kwa sababu taarabu ya Tanga inakaribiana na dansi kuliko mnavyodhani. Zanzibar, kwenye vikundi vikubwa kama Ikhwan Safaa ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1905, wimbo huanza na utangulizi mrefu wa vyombo vya nyuzi, yaani fidla, kanuni na udi, na mwimbaji huingia baada ya hadhira kutulia kabisa. Tanga walipunguza safu hiyo yote. Waliweka gita la umeme, besi, kinanda na ngoma za bongo, wakafupisha utangulizi, na wimbo ukawa wa dakika chache unaoweza kupigwa redioni na kuchezwa sebuleni.

Sikilizeni "Macho Yanacheka". Besi inatembea kwa mwendo wa dansi kabisa, gita linapiga vipande vifupi kama ya bendi ya mtaani, na juu yake Bi Shakila anaimba maumivu ya mtu anayeficha kilio nyuma ya uso wa furaha. Hanyanyui sauti hata mahali ambapo mwimbaji mwingine angelia. Anaishusha, na kila mstari anaumalizia kwa kuuvuta kidogo tu, kisha anauacha. Kwa kipimo cha uzito wa maneno alichoweka mwanzilishi wa mada, nadhani hakuna kati ya bendi zile tatu itakayomfikia, kwa kuwa nyuma ya mistari yake kuna ushairi wenye vina na mizani, wakati kwenye dansi maneno mara nyingi hufuata gita yanakopelekwa.

Gita la Kati (Dar es Salaam)

Marahaba, Bint Pangani. Hoja yako ya besi nimeipima kwa kusikiliza tena wimbo huo na nakubaliana nayo. Tofauti ninayoiona ni kwamba wimbo wa taarabu, hata ule wa Tanga, hauna chemko. Wimbo wa dansi huanza taratibu, ukamaliza maneno, kisha magitaa yanafunguka na wachezaji wanaachiwa uwanja. Kwa kikundi kinachotaka kuelewa magitaa, nusu hiyo ya pili ndiyo darasa lenyewe. Kwa hiyo ningemweka Bi Shakila kuwa wa pili baada ya Western Jazz, ili wasikilizaji wasikie besi ileile ikitumikia kazi mbili.

Mwana Likasi (Lubumbashi)

Wandugu, salamu kutoka Katanga, Kongo. Mnazungumza juu ya magitaa na hakuna aliyemtaja Jean-Bosco Mwenda, ambaye aliimba kwa Kiswahili chetu cha huku na ambaye gita lake moja lilitosha kuwa bendi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi hapa Likasi, wakati mji ukiitwa bado Jadotville, na wimbo wa "Masanga" ukatoka katika safari hiyo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu: gumba linashika besi bila kukosa, na kidole cha pili kinapiga sauti mbili za juu zinazokimbizana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kufanya kazi Nairobi, akasikika redioni, na wapigaji wengi wa Kenya wa kizazi kile wakajifunza kwake. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Pamoja naye msikilizeni Edouard Masengo, ndugu yake, ambaye pia aliishi na kufanya kazi Nairobi. Mwenda ni mpigaji anayeimba, na Masengo ni mwimbaji anayepiga. Mkiwasikiliza kwa kufuatana mtaona jinsi ufundi uleule wa vidole unavyotoa tabia mbili tofauti. Siwapendekezi badala ya bendi zenu. Nasema tu kwamba mtu akisikiliza Mwenda kwanza, ataelewa kwa nini gita la solo la miaka ya 1960 lilikuwa na haraka ya kujaza kila nafasi.

Kisauni (Mombasa)

Kwa Mwenda na Masengo niongeze Fundi Konde wa hapa pwani ya Kenya, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, aliyepita jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kurudi akiwa mwanamuziki kamili. Rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa kwenye albamu moja, na "Majengo Siendi Tena" itawatosha kama mlango wa kuingilia. Alifariki mwaka 2000.

Pia, kama wenzenu wanaipenda bendi ya Simba Wanyika, waambieni kwamba ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Jamhuri Jazz, bendi iliyowahi kuitwa Young Nyamwezi, kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1971. Jamhuri Jazz inastahili jioni yake.

Mtunza Santuri (Arusha)

Naomba nizungumzie kipimo cha tatu, cha rekodi, kwa sababu kinaweza kubadilisha uamuzi wenu.

Bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa katika njia mbili. Ya kwanza ni kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi nzima ilipiga kwa pamoja, wimbo ukachukuliwa ulivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa chemko. Ya pili ni santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi, ambako kila upande ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo ukakatwa: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo ya Nairobi iliyumba vibaya, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Ndiyo maana bendi iliyofanya kazi zake bora kabla ya hapo, kama Western Jazz, inapatikana kwa wingi kwenye santuri, huku bendi za baadaye zikibaki zaidi kwenye kanda za redio.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya baadhi wasahaulike. Baada ya Azimio la Arusha, bendi zilizomilikiwa na mashirika na taasisi za umma, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, zilikuwa na vyombo na mishahara ya uhakika. Bendi za vilabu na za watu binafsi zilipoharibikiwa na vyombo, fedha za kigeni za kuagizia vingine hazikupatikana kwa urahisi. Zilizosalia ndizo zilizoendelea kusikika, na zilizoendelea kusikika ndizo tunazozikumbuka.

Kuhusu Tabora Jazz, ambayo hakuna aliyeigusa: mtindo wao ni Segere Matata, na "Dada Asha" ya Shem Karenge ni wimbo mzuri usio na ubishi. Lakini nakala nyingi zinazozunguka zimetolewa kwenye kanda zilizochoka, besi imezama na sauti za juu zinakwaruza. Kwa kikundi kinachotaka kusikia kila chombo, ningeiacha isubiri. Kama mnataka kuzionja bendi kadhaa kabla ya kuamua, tafuteni mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, ambao una juzuu za dansi na za taarabu.

Kasoro Bahari (Morogoro)

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kuanza na Western Jazz, kisha Bi Shakila kama alivyopanga ndugu Gita la Kati, na Balisidya atafuata mara tu baada ya hapo, Mzee wa Chamwino asituchoke. Swali moja limebaki kwa Mtunza Santuri: wimbo uliokatwa pande mbili tuusikilizeje, tuunganishe pande hizo au tuziache kama zilivyo?

Mtunza Santuri (Arusha)

Ziacheni kama zilivyo mara ya kwanza. Wapigaji walijua santuri itageuzwa, na mara nyingi chemko la upande wa pili huanza kwa kishindo kilichokusudiwa kumwita tena mchezaji aliyesimama kungoja. Mkimaliza hapo, unganisheni, na mlinganishe na nyimbo zilizorekodiwa redioni kwa mkupuo mmoja, kama za NUTA. Angalieni hasa mpiga tumba anafanya nini dakika ya mwisho kabla ya chemko.