Mjadala: Wabunifu wetu wa teknolojia na habari za mtandaoni wanahitaji kumbi na tuzo, au wanahitaji wateja?

MTOA HOJA, Dar es Salaam

Ndugu wachangiaji, kila Wiki ya Ubunifu inapofika, na kila MAKISATU (Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) yanapofanyika, tunasikia wito ule ule kwamba vijana wa teknolojia na wanaoandaa maudhui ya mtandaoni wathaminiwe, waungwe mkono na wajengewe jumuiya yao. Hakuna anayeupinga wito huo, na pengine ndiyo sababu haujadiliwi. Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya muongo mmoja tumeijenga jumuiya hii kwa kumbi, warsha na hundi kubwa za mfano zinazoshikwa na watu wanne mbele ya wapiga picha, ilhali mteja anayelipa leo na kurudi kulipa mwakani ili kazi itunzwe hatujamtafuta kwa bidii hiyo. Napendekeza sehemu kubwa ya fedha za umma zinazokwenda kwenye mashindano ielekezwe kununua na kutunza kazi ambazo tayari zipo.

Sizibezi kumbi za ubunifu. Buni Hub, pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama, ilitokana na mradi wa ushirikiano kati ya Tanzania na Finland mwanzoni mwa miaka ya 2010, na wapo wengi waliopata pale meza, intaneti na mtu wa kumuuliza swali, wakati ambapo bando peke yake lilikuwa mzigo kwa mwanafunzi. Ninachohoji ni kinachomsubiri mtu akishatoka ukumbini.

Nitoe mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Vijana wawili waliandika mfumo wa kuchakata matokeo kwa ajili ya shule moja ya sekondari ya kata: walimu wanaingiza alama, mfumo unapanga madaraja na nafasi, kisha unachapa ripoti za wazazi, kazi ambayo awali ilimweka mwalimu wa taaluma shuleni hadi usiku kila mwisho wa muhula. Mfumo ulisifiwa, ukapelekwa kwenye maonyesho, ukapata cheti. Baadaye nchi ikaingia kwenye utaratibu wa GPA, yaani wastani wa pointi, na muda si mrefu ikarudi kwenye madaraja. Mara zote mbili kanuni za kukokotoa zilipaswa kuandikwa upya, na mara zote mbili shule haikuwa na kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya kumlipa wa kuziandika, kwa kuwa bajeti iliutambua ununuzi wa kompyuta lakini haikuyatambua matengenezo ya programu. Mara ya kwanza vijana walifanya kwa hisani. Mara ya pili mmoja alikuwa ameajiriwa benki na mwenzake yuko masomoni, na mwalimu wa taaluma akarudi kwenye karatasi na kikokotoo. Cheti kipo ukutani hadi leo. Je, tuliwathamini vijana wale au tuliwapongeza tu?

MCHANGIAJI WA PILI, Nairobi

Ndugu mtoa hoja, kwa heshima zote, unamtukuza mno mteja. Mteja hununua kitu anachokijua tayari. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea hapa Kenya na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, wanablogu na waandaaji programu wachache, akiwemo Ory Okolloh, walitengeneza Ushahidi, jukwaa lililomwezesha mwananchi kutuma taarifa ya tukio ikaonekana kwenye ramani. Hakuna afisa ununuzi yeyote duniani ambaye angeandika zabuni ya chombo kama hicho, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kinahitajika. Baadaye jukwaa hilo lilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, na katika nchi nyingine nyingi.

Ilikuwa ni kutokana na mzunguko huo wa watu ndipo ukumbi wa ubunifu wa iHub ulipofunguliwa Machi 2010 kwenye Barabara ya Ngong. Kwa miaka kadhaa, mtu aliyefika Nairobi akitafuta wataalamu wa programu alielekezwa pale kwanza. Huwezi kuweka bei kwenye mazungumzo ya watu wawili waliokutana kwenye foleni ya kahawa, lakini kampuni nyingi zilianzia hapo. Ukifunga kumbi na kuacha zabuni peke yake, utapata wakandarasi wazuri, ila sidhani kama utapata jumuiya.

MTOA HOJA

Nakushukuru, ndugu yangu wa Nairobi, kwa kuwa umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Ushahidi ilitangulia iHub kwa miaka miwili. Waliotengeneza jukwaa lile walijuana kupitia blogu zao na kazi zao kabla ukumbi haujakuwepo. Maana yake jumuiya ilijenga ukumbi, nasi huku tumejaribu mara kadhaa kufanya kinyume chake. Zaidi ya hapo, Septemba 2019 iHub ilinunuliwa na CcHub, kituo cha ubunifu cha Lagos, na kwangu hilo linaonyesha kwamba hata ukumbi mashuhuri kuliko yote katika ukanda wetu ulikuwa na hitaji lile lile la mapato. Hata hivyo, nakubaliana nawe kwamba zipo kazi zisizoweza kuagizwa na mtu, na kwa hizo fungu la majaribio lisilodai faida ya haraka libaki.

MCHANGIAJI WA TATU, Dodoma

Nimefanya kazi ya ununuzi katika taasisi za umma kwa muda mrefu, na naona mjadala unakwenda kana kwamba Serikali hainunui wala haitumii kazi za ndani. Mwananchi anapolipia maji, kiwanja au faini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, anapita kwenye GePG, mfumo ulioanza mwaka 2017 na uliotengenezwa na Watanzania. Malipo ya Serikali yenyewe yanapita MUSE, ambao ulichukua nafasi ya programu ya kigeni ya Epicor. Zabuni nazo, tangu 2023, zinapita NeST, nao ni mfumo wa wataalamu wa ndani. Hiyo nayo ni jumuiya ya teknolojia, ila watu wake wana namba za ajira na hawaitwi jukwaani kupokea hundi ya mfano.

Kuhusu vijana wawili na mfumo wao wa shule, mfano wako unajibu swali lako. Mmoja alikwenda benki, mwingine masomoni, na mfumo ukafa. Taasisi inayotunza taarifa za wagonjwa au za walipakodi haiwezi kuishi kwa kutegemea kwamba fulani bado hajapata ajira. Ndiyo sababu zabuni inadai hesabu zilizokaguliwa na uzoefu wa kazi zinazofanana, na ndiyo sababu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) uwezo wa kusimamia mifumo ya taasisi, ili kila ofisi isiwe na mfumo wake usiozungumza na wa jirani. Milango haijafungwa: asilimia 30 ya ununuzi wa umma inatengwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kwa nini vikundi vya waandaaji programu havijitokezi kwa wingi kama vikundi vya usafi na vya kuuza shajara?

MCHANGIAJI WA NNE, Mbeya

Wadau, mada imetaja teknolojia na habari za mtandaoni, lakini hadi hapa nusu ya pili imesahaulika. Mimi naandika habari za wilayani: bei ya mpunga inaposhuka, mradi wa maji unapokwama, kikao cha baraza la madiwani kinapoahirishwa mara ya tatu. Sisi hatukujengewa ukumbi na mtu. Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili wakati wengi wetu hatujajua blogu ni nini. Issa Michuzi alianza mwaka 2005, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanafungua ukurasa wake kutazama harusi na misiba ya nyumbani kabla hawajafungua gazeti lolote. JamiiForums ilianza mwaka 2006, kwa jina la Jambo Forums. Wasomaji walikuja wenyewe, kwa hiyo mtoa hoja ana haki anaposema kwamba watu hutangulia majengo.

Lakini naomba tukumbuke kilichofuata. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya kwanza, na nyingine 1,000,000 kila mwaka, na aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ililazimika kusitisha huduma kwa muda. Sikuwa mtu mkubwa kiasi cha kufungiwa. Niliacha tu kuandika, kwa sababu blogu yangu haikuwahi kuniingizia hata nusu ya ada hiyo, na najua wenzangu wa mikoani waliofanya hivyo hivyo bila kelele yoyote. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, na hali si ile ya mwanzo, nakiri. Ila aliyenyamaza mwaka 2018 akaingia kwenye biashara ya vifaa vya simu hakurudi kwa sababu tangazo la Serikali limebadilika.

Kwa hiyo, ndugu mtoa hoja, unapozungumzia wateja, sisi tunazungumzia jambo la mapema zaidi: mtu asitozwe kabla hajapata. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, siipingi, maana inakatwa pale fedha inapokuwepo. Ada ya kuingilia ndiyo inayoua.

MCHANGIAJI WA TANO, Zanzibar

Assalaam alaykum. Naona mnabishana kati ya tuzo na zabuni kana kwamba hakuna njia nyingine. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakaazi wenyewe, wakachora ramani za kata zinazofurika kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu: wanafuata mtaro kwa miguu wakiupima kina na upana, na wanamuuliza mwenye nyumba maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi ukutani, ili alama ile iingie kwenye ramani. Huku kwetu, mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa hapa ndio waliofunzwa kuzirusha. Pale mtu alijifunza, akapata posho, na kazi yake ikabaki wazi kwa kila mtu kuitumia. Sijaona shindano lililozaa haya yote kwa pamoja.

Hata hivyo ramani ya mtaro huzeeka. Mvua za masika zikipita, taka zimeziba huku, nyumba imejengwa kule, na mradi umeshafungwa. Fedha za wafadhili hulipa kuchora. Sijui kwa nini ni vigumu kumpata anayelipa kuchora tena.

MTOA HOJA

Swali la ndugu yetu wa Zanzibar ndilo lile la mwalimu wa taaluma, na linanifanya niliandike upya pendekezo langu kwa ufinyu zaidi. Kila halmashauri au taasisi inayopokea mfumo, ramani au tovuti, iwe imenunua au imepewa na mfadhili, iwe na kasma ya matengenezo ya kila mwaka kuanzia siku ya kupokea. Isipoweza kuitenga, isipokee. Hili halihitaji ukumbi mpya wala sherehe.

Kwa ndugu wa Dodoma: GePG nakuachia, ni kazi ya kujivunia. Lakini hofu ya kwamba fundi ataondoka haiponywi na hesabu zilizokaguliwa, maana kampuni yenye hesabu safi nayo hufilisika. Inaponywa na mkataba unaoilazimisha kampuni kukabidhi msimbo wote (maandishi yanayounda programu), maelezo ya mfumo kwa lugha inayosomeka, na nywila za seva na za kikoa (jina la tovuti), ili fundi mwingine wa mtaani aweze kuendeleza pale wa kwanza alipoishia. Soko la matengenezo likiwepo, ndipo jumuiya inapokuwa na mafundi wa kushindana. Na vikundi vya waandaaji programu havijitokezi kwenye asilimia 30 kwa sababu, ninavyoona mimi, orodha za mahitaji zinazotangazwa huko zimejaa shajara na usafi. Atakayetangaza humo kazi ya kurekebisha tovuti ya halmashauri ataona watakaojitokeza.

Kuhusu ada za maudhui, namuunga mkono wa Mbeya moja kwa moja. Leseni isiwe ghali kuliko kipato cha anayeiomba.

MCHANGIAJI WA TATU, Dodoma

Kukabidhi msimbo nakubali, na ningependa liwe sharti la kawaida. Hesabu zilizokaguliwa siwezi kuziacha kwa kazi kubwa, lakini kwa kazi ndogo ya matengenezo sioni ubaya kuzilegeza. Ninachokitilia shaka ni kasma. Bajeti ya halmashauri inapopunguzwa katikati ya mwaka, kifungu cha kwanza kukatwa ni kile ambacho diwani hawezi kukionyesha kwa wananchi, na matengenezo ya programu hayaonekani barabarani. Mkinieleza namna ya kukilinda kifungu hicho kisiguswe mwezi Februari, nitawaandikia mimi mwenyewe rasimu ya tangazo la kwanza la zabuni.