Chombo kilichoachwa baharini: aliyekiokoa anastahili nini?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kwa wanaoifahamu sheria ya bahari. Ikiwa mabaharia wamekiacha chombo chao kikielea bila mtu, na wengine wakakifikia, wakaziba palipokuwa pakivuja na kukivuta mpaka bandarini pamoja na shehena yake, je, chombo hicho huwa mali yao? Kama sivyo, ni nani atakayewalipa jasho lao?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, chombo hakiwi chao. Aliyekimbia ili kuinusuru roho yake hajaitupa mali yake. Umiliki wake unabaki, na mwokoaji anapata haki ya kudai tuzo. Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 unaeleza kwamba tuzo hulipwa pale tu juhudi zilipozaa matunda, kwa hiyo chombo kikizama njiani na kila kilichomo, waliokesha wakikivuta kwa kawaida hawana cha kudai. Ukali huo ndio unaohalalisha tuzo kuwa nono: mahakama au wasuluhishi hutazama thamani ya mali iliyookolewa, ukubwa wa hatari, ustadi wa waokoaji na gharama walizoingia, ingawa tuzo yenyewe haiwezi kuzidi thamani ya kilichookolewa. Walipaji ni wenye chombo na wenye shehena, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyonusurika.

Jibu la pili
Naafiki, ila kanuni hiyo ya kale ilikuwa na kasoro kubwa. Meli ya mafuta iliyoharibika vibaya haina thamani ya kumvutia mwokoaji, ilhali mafuta yake yanaweza kuangamiza pwani nzima. Kuvunjika kwa meli ya mafuta Amoco Cadiz kwenye pwani ya Ufaransa mwaka 1978 kuliuanika udhaifu huo, na sasa kifungu cha 14 cha Mkataba huo wa 1989 kinamrudishia gharama zake mwokoaji aliyeishughulikia meli inayotishia mazingira, hata ikipotea. Kwangu mimi, hicho ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na waliookoa watu badala ya mali?

Jibu la kwanza
Aliyeokolewa hadaiwi chochote. Hata hivyo, waliookoa watu katika tukio lilelile wana haki ya fungu la tuzo ya waliookoa mali, na ni haki yao kweli, maana bila hivyo wangeadhibiwa kwa kutoikimbilia shehena kwanza. Wasichelewe tu kufungua madai: muda ni miaka 2 tangu siku uokoaji ulipokamilika.