Ruzuku ya malezi ya watoto Marekani: walezi ndio wanaoikopesha serikali, halafu wanakatwa

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kutafuta leseni. Leseni ni habari nyingine. Hapa ni malipo ya vocha tu, yaani ruzuku ambayo serikali inamlipa mlezi kwa niaba ya mzazi, maana watu wanaambiwa "fungua kituo nyumbani, serikali inalipa", wanaingia kichwakichwa, mwezi wa tatu wanauliza mbona akaunti imekauka.

Serikali inalipa, hakuna anayebisha. Ila inalipa baada ya kazi, inalipa siku inazozitambua yenyewe, na ikikosea hasara unabeba wewe.

Kwa wageni wa mada: fedha hizi zinatoka kwenye mfuko wa serikali kuu wa CCDF, ambao msingi wake ni sheria ya 1990 iliyofumuliwa upya 2014. Serikali kuu inatoa fungu, jimbo linaongeza lake na kutunga masharti yake ndani ya mipaka iliyowekwa. Mtoto awe chini ya miaka 13, kipato cha familia kisizidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo (majimbo mengi yanakata chini zaidi ya hapo), na kwa kawaida mzazi awe kazini, masomoni au mafunzoni. Fungu likiisha, wenye sifa wanapanga foleni. Ndiyo maana jimbo moja lina mambo tofauti kabisa na la jirani, kwa hiyo tafadhali msijibu "mbona huku kwetu si hivyo".

Tuanze na muda. Kanuni ya 2016 iliyapa majimbo njia mbili: kulipa kabla ya huduma, au kulipa ndani ya siku 21 baada ya kupokea ankara iliyokamilika. Mengi yakakimbilia siku 21. Sasa piga hesabu. Umeanza kulea tarehe 1 Januari, mwezi ukaisha, ukatuma ankara tarehe 1 Februari, ukalipwa tarehe 22. Kazi ya siku ya kwanza imelipwa baada ya wiki saba na ushee, na hapo hakuna mtu aliyechelewa, kila kitu kimekwenda kisheria! Ndani ya muda huo umelipa kodi ya nyumba mara mbili, na kama una msaidizi unayemlipa kila wiki mbili, ameshapokea mara tatu. Na lile neno "iliyokamilika" ndilo kichaka chao. Sahihi moja ya mzazi ikikosekana ankara haijakamilika, na siku 21 hazijaanza kuhesabiwa.

Kanuni ya 2024 ililiona hilo. Ikaagiza malipo yatangulie huduma, na yafuate kuandikishwa kwa mtoto badala ya mahudhurio. Majimbo yakaruhusiwa kuomba muda wa ziada hadi 2026, na sasa kanuni yenyewe imeshaanza kupigwa vita kabla walezi wengi hawajaonja hata mwezi mmoja wa malipo ya mapema. Hoja kubwa ya wanaoipinga ni wizi. Sawa, wezi wapo, wakamatwe. Lakini fomu ya mahudhurio inaghushiwa kirahisi kuliko kitu chochote, kwa hiyo sijui kulipa kwa mahudhurio kunamzuia mwizi yupi. Anayeumia ni mlezi ambaye mtoto anayemlea ameugua kweli.

Hapa kwenye mahudhurio ndipo penye uchungu wote. Gharama za mlezi hazifuati mahudhurio. Majimbo mengi yanataka mlezi mmoja kwa watoto wachanga wanne hivi. Mmoja akibaki nyumbani na homa, humwambii msaidizi kwamba unamkata robo ya mshahara. Nafasi ya mtoto ni kama chumba cha kupanga: mpangaji akisafiri wiki mbili, kodi iko palepale. Mzazi anayelipa mwenyewe analijua hilo na limeandikwa kwenye mkataba wake. Jimbo halitaki kulijua. Kwa kanuni ya 2016, jimbo lisilolipa kwa kuandikishwa liliweza kulipa mwezi mzima iwapo mtoto amehudhuria angalau asilimia 85 ya muda ulioidhinishwa, au iwapo hakukosa zaidi ya siku tano. Mtoto wa mwaka mmoja msimu wa mafua, siku tano? Labda wawe wanamjua mtoto mwingine.

Chukueni mfano, tarakimu ni za kubuni ila mpangilio ni huohuo. Bei ya jimbo dola 40 kwa siku, siku 22 zimeidhinishwa, jumla 880. Mchango wa mzazi (sehemu ya gharama ambayo familia inatakiwa ikulipe yenyewe) ni 90, jimbo linautoa juu kwa juu kabla hujalipwa. Mtoto amekosa siku nane, tano zinalipwa, tatu hazilipwi, toa 120. Jimbo linakuwekea 670. Mzazi naye hana ile 90, huipati. Nafasi hiyohiyo kwa anayelipa mwenyewe ni dola 50 kwa siku, yaani 1,100. Umepungukiwa 430 kwa mtoto mmoja kwa mwezi mmoja. Ukiwa na wanne wa vocha wenye mwezi wa namna hiyo, ni 1,720.

Mchango wa mzazi unahitaji maneno yake. Kanuni ya 2024 iliweka ukomo wa asilimia 7 ya kipato cha familia, vizuri kwa mzazi. Lakini kazi ya kuudai ameachiwa mlezi. Jimbo limeshautoa kwenye malipo yako, likanawa mikono. Mzazi akihama na deni la miezi miwili, ni deni lako na yeye.

Na hiyo bei ya jimbo inatoka wapi? Kila miaka mitatu jimbo linatakiwa lifanye utafiti wa bei ya soko, au litumie njia mbadala iliyoidhinishwa kama kukokotoa gharama halisi za malezi. Kipimo kilichozoeleka ni asilimia ya 75: bei inayomwezesha mzazi kuingia kwenye nafasi tatu kati ya kila nne. Ni pendekezo tu, jimbo halifungwi nalo. Pia kumbuka bei ya soko ni kile ambacho wazazi wa mtaa huo wanamudu. Mtaa maskini, bei ndogo, ruzuku ndogo, mlezi analipwa kidogo kwa kazi ileile. Halafu kwenye baadhi ya majimbo umekatazwa kumtoza mzazi ile tofauti kati ya bei yako na bei ya jimbo.

Sasa kibali. Hiki ndicho kinachowaangusha wageni kuliko vyote. Barua ya mzazi kwamba "amekubaliwa" si kibali chako. Kibali kina jina la kituo chako, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, saa au siku zilizoidhinishwa, na kundi la umri. Mtoto akianza Jumatatu na kibali kikaanza Alhamisi, siku tatu umelea bure, na kurudishwa nyuma tarehe ni bahati. Kisheria mzazi akishapita anakaa miezi 12 kabla ya kuhakikiwa upya. Mwezi wa 12 ndio wa hatari: barua ya uhakiki inatumwa kwa mzazi, kwa anwani ya zamani, hakuna anayekutaarifu wewe, faili linafungwa kimyakimya, na wewe unaendelea kubadilisha nepi hadi ankara irudi na sifuri. Angalieni pia siku ya kuzaliwa. Mtoto akivuka kundi la umri bei inashuka, wakati kwenye leseni yako uwiano wa walezi unaweza kuwa haujabadilika hata kidogo.

Pale ambapo mzazi anarekodi mahudhurio kwa kubonyeza namba yake ya siri akimleta na akimchukua mtoto, akisahau kubonyeza jioni, siku nzima inaning'inia. Dirisha la kurekebisha ni fupi. Na usithubutu kubonyeza kwa niaba ya mzazi kwa kutumia namba yake, hata kama yeye mwenyewe amekuomba. Ukaguzi ukija, hiyo haiitwi msaada, inaitwa udanganyifu. Wanachukua fomu za mahudhurio, wanalinganisha na ankara, kila saa isiyo na sahihi inahesabiwa kwamba ulilipwa kupita haki yako, na fedha inakatwa kwenye malipo yajayo. Kuna majimbo yanakata hata pale kosa lilipokuwa la ofisi yao.

Kwa hiyo, kabla ya kumpokea mtoto yeyote wa vocha: kibali mkononi, au mzazi asaini kwamba analipa bei kamili hadi kibali kitoke, lakini kwanza hakikisha jimbo lako linaruhusu. Mchango wake udaiwe wiki kwa wiki, usisubiri mwisho wa mwezi. Tarehe ya kuisha kwa kila kibali andika kwenye kalenda yako na mkumbushe mzazi siku 60 kabla. Malipo yakiingia, linganisha mstari kwa mstari, mtoto kwa mtoto, siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa kupinga unahesabika kuanzia pale. Pinga kwa maandishi. Simu haina ushahidi. Na usijaze nafasi zote kwa vocha mpaka uwe na akiba ya gharama za miezi miwili.

Fedha za chakula za CACFP ni mfuko mwingine, zinapitia shirika mdhamini, nalo linatakiwa likulipe ndani ya siku tano za kazi tangu lipokee fedha. Msichanganye na hili hapa.

Mwenye barua ya kukatwa fedha aiweke, afute majina na namba za faili kwanza. Andika jimbo, tarehe ya kibali, tarehe uliyotuma ankara na sababu waliyotoa. Wa "mbona huku kwetu" nimeshasema.