Mrejesho: Niliacha dawa ya sonona nikiwa na mimba

Assalamu alaykum. Mimi ndiye yule wa Wete niliyewauliza kama niendelee na sertraline, dawa yangu ya sonona, baada ya kujua nina mimba ya miezi 2. Wengi mlisema nirudi kwa daktari. Kwa khofu, nilikuwa nimeshaiacha ghafla. Wiki ya 3 usingizi ukanitoka, moyo unanienda mbio, nalia hata nikikuna nazi. Mama mkwe akasema ni shetani.

Nikapanda boti hadi Unguja, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Daktari hakunigombeza. Alinieleza kuwa kuacha ghafla huweza kuirudisha sonona, na isipotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto. Nikarudishiwa dawa, nikaambiwa nizalie hospitali, maana mtoto huweza kutetemeka au kulialia siku za mwanzo. Wangu alitetemeka siku 2, wakamwangalia, ikapita. Namnyonyesha, sertraline hupita kidogo sana kwenye maziwa.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe baada ya arobaini, wageni walipotoka na mama kurudi kwake Mkoani, wasiwasi ukanivaa upya: namwamsha mtoto usiku kucha nione kama anapumua. Safari hii sikuficha. Muuguzi alinisomea maswali 10 ya kupima sonona, likiwemo la kutaka kujidhuru, nikajibu kweli tupu. Daktari akaongeza dozi, mume wangu akashika zamu ya usiku.

Mtoto ana miezi 4 sasa, anacheka. Na wewe dada uliyenambia umezificha dawa chini ya godoro: usizitupe kabla hujamuona daktari. Niandikie saa yoyote.