Naomba ushauri: petroli iliyokaa inaua jenereta yangu?

Wakuu habari, niko Arua, Uganda. Nina jenereta ndogo ya duka, umeme ukiwa sawa inakaa miezi haijawashwa, na petroli yake iko kwenye jerikani lililojaa nusu, chini ya mabati, joto lote hilo. Sasa navuta kamba mpaka bega linauma, ikiwaka inakohoa inazima, nikivuta choki ndo inaenda kidogo. Petroli imegeuka rangi, inanuka kama vanishi. Fundi anasema ile nyepesi imeshapaa, iliyobaki imeganda gamu kwenye jeti (kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta), hapo namwamini, ila anataka kuniuzia kabureta mpya, aah! Kuosha jeti na tangi si inatosha? Na hii petroli nimwage ama nichanganye na mpya niweke kwenye boda?